Bwana Mbu wa Gongoni

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amepiga magoti mbele ya mtungi wangu, kichwa kimezama ndani hadi masikioni, na mkononi ameshika kata yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekwenda uani kuanua nguo. Niliporudi nikadhani ni mwizi mwenye kiu.

"Wewe baba, unatafuta nini humo?"

Hakukitoa kichwa. Sauti ikanijia kutoka ndani ya mtungi, nzito kama ya mtu aliye kisimani. "Kumi na saba, dada. Na wawili kati yao kesho wataota mabawa."

Kisha akauinamisha mtungi, akayamwaga maji yote. Maji yale nilikuwa nimeyateka alfajiri, nimesimama kwenye foleni mpaka shingo ikaniuma. Nilimtukana. Nilianza kwa Kiswahili cha mjini, nilipoishiwa nikaingia Kinyamwezi cha bibi yangu. Alisimama akanisikiliza mpaka mwisho, kama anayesubiri mvua ipite, halafu akachukua ndoo yangu akaondoka nayo. Baada ya muda nikamwona anarudi, mtu wa serikali mwenye kaptura ya kaki na beji kifuani, ndoo ya maji kichwani, na wanawake wa Gongoni, mtaa wetu, wako nyuma yake wanacheka. Akaujaza mtungi, akaufunika kwa sinia.

"Kufunika ni dakika moja," akasema. "Kuuguza ni mwezi." Akaenda nyumba ya pili.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Mimi nilikuwa mjane kijana, nakula kwa cherehani yangu. Yeye alikuwa mtu wa idara ya afya, kazi yake kupita nyumba kwa nyumba Tabora mjini kutafuta viluwiluwi vya mbu kwenye mitungi, makopo, madebe na mifereji. Mji mzima ulimwita Bwana Mbu. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua, lakini sitaliandika hapa, kwa sababu ukimwita kwa jina hilo alichelewa kugeuka, na ukimwita Bwana Mbu aligeuka mara moja.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na miguu yake kuanzia gotini kushuka chini ilikuwa na madoa kama nguo iliyorukiwa na cheche. Siku za kazi hakugusa sabuni wala mafuta ya nywele, maana alisema mbu huwa hamwelewi mtu anayenukia vitu vya dukani. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na mwanamume anayeoga Jumapili tu, na hiyo ni kwa sababu ya kanisa. Wao walikuwa Wamoraviani. Bwana Mbu aliimba sauti ya chini kabisa kanisani, lakini saa yake ya mkononi, ambayo mkanda wake ulikatika akaufunga kwa kamba, aliirekebisha kila jioni kwa adhana ya magharibi ya msikiti wetu. "Muadhini wenu hajawahi kuchelewa," aliniambia. "Kengele yetu inamsubiri mchungaji amalize chai."

Watu hawakumpenda sana mwanzoni, na kuna msimu mmoja wa mvua walimchukia kabisa. Jirani yake alikwenda kwake kuomba moto, akainama kuokota kaa, akaona chini ya kitanda vikombe vimepangwa safu kwa safu, na ndani ya kila kikombe vitu vinacheza majini. Viluwiluwi! Bwana Mbu, anayemwaga maji yetu, anafuga mbu chini ya kitanda chake! Kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekusanyika wanawake zaidi ya ishirini uani kwake, na mimi nilikuwa mbele.

Alitoka na kikombe mkononi, bila hata haya usoni. "Karibuni. Natumaini mmekuja na macho."

Akatueleza kwamba viluwiluwi hufanana kwa asiyewazoea, na njia ya uhakika ya kujua ni mtoto wa nani ni kumlea mpaka aote mabawa. "Yai la mjusi na yai la nyoka utayatofautishaje? Si utasubiri?"

Mkewe alikuwa ameegemea mlango. "Mimi nimebakiwa na vikombe viwili vya chai," akasema. "Mgeni wa tatu akija, anasubiri mbu wakue."

Tukacheka, hasira ikapungua. Lakini nikamuuliza, "Sasa kwa nini vya kwetu umwage na vya kwako ulee?"

Nilitegemea ataanza kutaja serikali. Badala yake akasema, "Hapo mmenishika." Akasema tuamue sisi adhabu. Tukaamua vikombe vyote vifunikwe kwa kitambaa, na kwa kuwa mimi ndiye mshonaji, nishone mifuniko. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya mbu. Nilianza na mifuniko ya melimeli, kile kitambaa chepesi cheupe, nikaenda kwenye mifuko ya kubebea mbu hai, mwisho nikashona vyandarua vya kila umbo alilolichora kwa mkaa kwenye sakafu yangu. Tangu siku ile akaniita Fundi, hakuniita dada tena.

Hadi wakati huo mimi nilijua mbu ni mbu. Yeye alinikalisha barazani, akanipa kioo chake cha kukuzia, akafungua kisanduku chenye mbu waliochomwa pini. Niliona kitu ambacho sikukitegemea: walikuwa wazuri. Mmoja mweusi, miguu ina bangili nyeupe, mgongoni amechorwa mistari ya fedha. Huyo alimwita Bibi Harusi. Mwingine mkubwa kupita wote, rangi ya buluu inayogeuka kijani, pua imepinda kama ndoana. Huyo haumi mtu kabisa, hunywa maji matamu ya maua, lakini mtoto wake majini huwala watoto wa mbu wengine. "Utotoni jambazi, ukubwani sufii," alisema Bwana Mbu. Mwingine ana manyoya kwenye miguu ya nyuma na huikunja juu akitua, kama mtu anayecheza ngoma. Huyo huzaliwa kwenye maji ya mvua yaliyotuama ndani ya kombe la konokono aliyekufa. Na mbu dume hana neno na binadamu, yeye ana masharubu ya manyoya na anapenda asali. Bwana Mbu aliwalisha madume wake asali ya Tabora, ile nyeusi ya porini, wakati mkewe akinywa chai kavu.

Majina aliyatoa yeye mwenyewe. Yale ya kisomi aliyajua, aliyaandika kwa herufi nzuri, lakini alisema ni marefu kuliko mbu wenyewe. Mara moja tu nilimkatalia jina. Yule mbu wa homa, anayetua kichwa chini na mkia juu, alikuwa amemwita Msujuduji. Nikamwambia, "Bwana Mbu, hilo hapana. Mtu hasujudu ili aue." Hakubishana. Alichukua kifutio palepale, na tangu hapo mbu wa homa akawa Mchungulia Kisima.

Alikuwa na mambo yanayopingana. Alimpiga nzi kwa hasira, lakini sikuwahi kumwona akimpiga mbu kofi. Aliwahimiza watu walale ndani ya chandarua, na yeye kazi yake ikawa kukaa miguu wazi wamle. Na mtu huyu aliyejenga mitini madungu ya kukalia akivizia mbu, marefu kuliko minara ya kanisa, alikuwa mwoga wa kupanda. Alipanda ngazi amefumba macho, akihesabu vidato kwa sauti, na akifika juu alikumbatia shina kwanza, ndipo afumbue jicho moja.

Madungu hayo yalikuwa msituni, magharibi, na huko ndiko lilikotokea jambo ninalotaka kulieleza.

Kuna mto unaoingia Malagarasi, na kando yake, tofauti na miombo yetu inayopukutisha majani kiangazi, upo msitu mnene, wa kijani mwaka mzima, wenye kamba za mwitu na miti inayotoa maji ukiikata. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka Tabora kwenda Ujiji, ilipita ukingoni mwake, na kijiji kilikua pale ambapo wapagazi walikuwa wakilala. Mvua mbili mfululizo kijiji kile kilipigwa na homa. Watoto wengi walikwenda. Daktari mkuu wa jimbo, Mwingereza mwenye haraka, akamtuma Bwana Mbu akaangalie homa inatoka wapi.

Alikaa huko majuma matatu. Akakamata mbu msituni kila jioni, akawakuta Wachungulia Kisima tele wakitoka vichakani jua linapozama. Akaandika ripoti: chanzo ni msitu. Daktari akaamua msitu ukatwe. Wanakijiji walifurahi sana, maana walikuwa wamezika, na zaidi ya hapo udongo wa pale ulifaa mpunga.

Mashoka yalipoanza, Bwana Mbu alirudi mjini akaja kwangu. "Fundi, msitu unakatwa na mimi sijamaliza kuwajua waliomo. Nataka niwahesabu wote kabla hawajaisha. Nahitaji chandarua cha kumfunika ndama mzima wa chambo, chenye upenyo wa mbu kuingia, kishonwe palepale kwa kipimo. Mke wangu atafuatana nawe."

Nilikwenda, cherehani kwenye behewa la mizigo. Tulishuka stesheni ndogo ng'ambo ya Kaliua, tukatembea watatu, yeye, mkewe na mimi, kwenye njia ya misafara mchana kutwa. Bwana Mbu alisimama kila penye maji. "Angalia," alisema. "Kambi na kambi ni mwendo wa siku, na kila kambi ina maji. Mpagazi alibeba pembe begani na homa damuni. Akilala hapa, mbu wa hapa anakula. Kesho mpagazi anaondoka, homa inabaki." Mkewe akamwambia atembee, jua linachoma.

Tulifikia kwa mwanamke aliyeitwa Mama Kulwa. Alikuwa na mtoto wa kike mmoja, Kulwa. Sikuuliza Doto yuko wapi. Katika nchi yetu ukisikia jina Kulwa unatafuta kwa macho pacha mwenzake, na mimi nilitafuta, na Mama Kulwa akaniona natafuta. "Mvua iliyopita," akasema tu. Kila asubuhi alitoka na shoka lake kwenda kukata msitu pamoja na wanaume, ingawa hakuna aliyemwita.

Siku ya tatu chandarua kilikuwa tayari. Nikamwambia Bwana Mbu kwamba sijashona usiku na mchana ili nibaki kuhadithiwa, nataka kuona. Akanipeleka. Nilipanda hadi dungu la kati, yeye kando yangu amekumbatia shina. Chini yetu ndama alikuwa ndani ya chandarua changu, na juu, karibu na vilele, walikaa wasaidizi wake wawili na vichupa vyao vya kioo na pamba.

Jua lilikuwa bado liko kwenye majani. Bibi Harusi wawili wakaja kwanza, wakazunguka vifundo vya miguu yetu bila sauti. Alimfunika mmoja kwa kichupa, akaziba kwa pamba, akaandika saa kwa penseli. Halafu mwanga ukageuka kuwa wa manjano, ndege wakaanza kugombea matawi, na Bibi Harusi wakaondoka wote kama walioitwa.

"Sasa subiri," akaninong'oneza.

Kwa muda hakukuja hata mmoja. Nilisikia mashoka upande wa pili yakinyamaza moja moja. Kisha nikasikia sauti juu yetu, si mlio wa mbu mmoja sikioni, ila ni kama mtu anasugua mdomo wa bilauri kwa kidole, mbali. "Hao ni wa vileleni," alisema. "Hutoka kiza kinapoanza, hushuka kidogo, huuma, hurudi. Ukikaa chini hutawajua maisha yako yote." Watu wa juu wakaanza kuita namba. Robo saa tu, wakaacha. Papo hapo chini kukaanza: wadogo wa kahawia kwa ndama, kisha wenye mabawa ya madoadoa, kisha wengine ambao hata yeye aliwashika akisema "ngoja, ngoja" kama anayeongea na mtoto. Nilikuwa na miguu inayowaka, na sikutaka kushuka. Msitu mmoja, jioni moja, na kila ghorofa ina wapangaji wake na kila mpangaji ana saa yake ya kutoka.

Mwisho wakaja Wachungulia Kisima, kutoka vichakani ukingoni. Hawakutuangalia sana. Walipita chini yetu wakaelekea kijijini.

Usiku ule sikupata usingizi kwa kuwashwa, nikawaza. Asubuhi nilimkuta anapanga vichupa vyake kwenye mkeka.

"Bwana Mbu, nikuulize swali la mjinga."

"Hayo ndiyo ninayoyaweza."

"Mama Kulwa anakaa hapa karibu na barabara ya malori, na yeye kazika. Jirani zake wote wamezika. Lakini yupo mzee mfuga nyuki ambaye nyumba yake imegusana na msitu, ana wajukuu sita, na nimeambiwa hakuna aliyekufa. Kama homa inazaliwa msituni, mbona imeruka nyumba ya kwanza?"

Alishika kichupa hewani. Mkewe aliacha kumenya muhogo.

"Tena wale Wachungulia Kisima wa jana," nikaendelea, "hukuniambia wanazaliwa kwenye maji gani. Maji ya wengine wote umenionyesha: tundu la mti, kombe la konokono, kikonyo cha mgomba. Yule tu hukunionyesha."

Alichukua bakuli lake jeupe na kata, akaingia msituni. Alikaa huko kutwa nzima, na siku ya pili, na ya tatu. Alichota kila shimo la mti aliloweza kulifikia, na mengine kwa kupanda amefumba macho. Alipata viluwiluwi wa kila aina aliyowahi kuijua, na wengine wawili wapya. Wa Mchungulia Kisima, ambao hulala juu ya maji kama unyasi uliodondoka wakati wenzao huning'inia vichwa chini, hakupata hata mmoja.

Siku ya nne akaenda barabarani. Kando ya ile njia ya misafara serikali ilikuwa imejenga barabara ya malori, na udongo wake ulichimbwa papo hapo, mashimo mapana kama vyumba, yakajaa mvua. Maji yalikuwa wazi, ya vuguvugu, jua linayapiga kutwa. Aliinama na bakuli. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Bakuli lilirudi limejaa viluwiluwi mpaka weupe wake hauonekani vizuri.

Alikaa chini kwenye vumbi na kaptura yake ya serikali.

"Wanazaliwa hapa," akasema. "Mchana wanakimbilia kivuli cha msitu kulala. Jioni wanatoka kwenda kula. Mimi nimemkuta mgeni amekaa barazani, nikaandika kwamba ndiye mwenye nyumba." Kisha akasema jambo lililonitia baridi: "Na wakiukata msitu, jua litafika kwenye tope la mtoni. Patakuwa shimo kama hili, refu kama mto."

Ningemwelewa kama angeandika barua kimya kimya. Ripoti yake ilikuwa imempa sifa, alikuwa ameahidiwa kazi ya juu na nyumba ya bati. Badala yake jioni ileile alikwenda walipokusanyika wakataji, akasimama mbele yao akasema, "Acheni. Nilikosea."

Pakawa na kelele. Wengine walisema amehongwa na wafuga nyuki. Mama Kulwa alipita katikati ya watu akamsimamia usoni, shoka bado mkononi.

"Ulituambia msitu ndio umeniulia mtoto. Nimeukata mpaka viganja vimechanika. Leo unasema siyo. Kesho utasema nini?"

"Kesho nitasema nitakachokiona kesho, mayu," akajibu, kwa neno lile la Kinyamwezi la kumheshimu mama. "Lakini leo nimeona. Njoo nikuonyeshe, ukiona vingine niambie."

Hakwenda. Alimtemea mate miguuni, akageuka. Na mashoka yaliendelea siku kumi zaidi, maana amri ilikuwa ya daktari, siyo yake.

Daktari alikuja kwa gari akiwa amekasirika. Nilikuwepo kwa sababu cherehani yangu ilikuwa imefungwa kwenye gari lake kurudishwa stesheni. Bwana Mbu alimpeleka kwenye shimo, akachota, akampa bakuli. Daktari aliangalia muda mrefu. Akauliza kwa Kiswahili chake kigumu, "Nani ameona hii?"

Mtu mwingine yeyote angejibu, "Mimi." Bwana Mbu alinyoosha mkono kwangu. "Huyu mama, mshonaji. Mimi nilikuwa naangalia mbu. Yeye aliangalia nyumba."

Daktari alinitazama kama aliyeonyeshwa kiti akaambiwa ndicho kilichosema. Lakini aliagiza mashimo yafukiwe na ukataji usimame. Karibu theluthi ya msitu ilikuwa imekwisha. Mvua zilizofuata homa ilipungua kijijini, na hakuna ofisa aliyekuja kueleza kwa nini. Nyumba ya bati Bwana Mbu hakuipata. Alirudishwa Gongoni kwenye mitungi yetu, cheo kilekile, kaptura ileile, na kwa miaka mingi nilimwona akipita na kata yake asubuhi, akichungulia, akihesabu. Nilimuuliza kama anajuta. "Najuta theluthi," akasema.

Mkewe alifariki, mimi nikaolewa tena, watoto wakaja, tukaonana kwa nadra. Nikasikia ameacha kazi akaenda kuishi kijiji kile cha mtoni. Nilishangaa. Walikuwa wamemtemea mate.

Mwaka ambao kila mtu mjini alikuwa akizungumzia uhuru unaokuja, nilipata nafasi ya siku mbili, nikapanda treni. Nilimkuta kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo, ndevu nyeupe, macho yote mawili yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Bwana Mbu."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Fundi! Unatembea kama unakanyaga cherehani."

Aliyetuletea uji alikuwa Mama Kulwa. Alikuwa amenenepa, Kulwa ameshaolewa Igunga, huko kwenye pamba. Aliweka bakuli mikononi mwa mzee, akakunja vidole vyake vizuri kulizunguka ili lisianguke, akaondoka. Nilimwangalia mpaka akapotea nyuma ya nyumba.

"Alikuja lini kuonyeshwa?" nikauliza.

"Mwaka mzima baada ya mkutano ule. Alitembea mpaka Tabora. Akaniambia, nionyeshe hilo bakuli." Akanywa uji. "Tuliangalia pamoja, halafu akalia, halafu akaniuliza wale mbu wengine ni akina nani."

Jioni aliniomba nimshike mkono. Tulikwenda mpaka pale palipokatwa. Miti mipya ilikuwa imenipita kimo, myembamba, imesongamana kama watu kwenye lango. Alikaa juu ya kisiki, akakunja suruali, akatulia. Msitu ukaanza shughuli zake. Nilimwambia ninachokiona, naye akanitajia jina kabla sijamaliza.

Kisha akasema, "Kuna mtu amenikalia gotini. Mwepesi mno. Niambie."

Niliinama. "Mdogo. Kifua cha manjano, kama amepakwa bizari. Mabawa yana doa mojamoja karibu na ncha."

"Mojamoja? Siyo matatu?"

"Mojamoja."

"Magoti?"

"Meupe. Ya nyuma tu."

Mbu alikuwa akinywa, tumbo linajaa wekundu taratibu. Uso wa mzee ulikuwa umegeuka kidogo, kama wa mtu aliyesikia hodi asiyoitegemea.

"Huyu sijawahi kumwona," akasema, kisha akacheka kimya, mabega yakitikisika, akijitahidi goti lisitikisike. "Wala sasa sijamwona. Usimguse. Akimaliza tuone anakwenda wapi."

Mbu akachomoa, akakaa kidogo, akaruka. Nilimfuata kwa macho juu ya nyasi, akaingia kati ya miti mipya.

"Ametua?"

"Simwoni tena. Kiza."

Akashusha suruali, akaninyooshea mkono nimwinue. "Basi kesho tuje mapema kidogo," akasema.

Treni yangu ya kurudi ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo ya kesho. Nilimwambia sawa, tutakuja mapema.